Kumpata Mtumishi wa Afya Kijijini na Kumfanya Akae: Mwongozo kwa Halmashauri na Kamati za Zahanati

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji cha Tanzania kipate zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo mengi yamesimama tangu hapo, mengine kwa nguvu za wananchi waliosomba mawe, mchanga na maji. Waliochelewa ni watu wa kufanya kazi ndani yake. Mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, wa mwaka 2014 hadi 2019 uliiwekea zahanati watumishi 15 hadi 20 na kituo cha afya 39 hadi 52. Kwenye zahanati za pembezoni ni kawaida kukuta wawili au watatu, na kuna mahali yuko mmoja tu.

Mwongozo huu unawahusu Mganga Mkuu wa Halmashauri, Katibu wa Afya, Afisa Utumishi na kamati ya usimamizi ya zahanati. Viwango vya mshahara na vibali vya ajira havipangwi na ninyi. Lakini nani anapangiwa wapi, anapokelewaje, mshahara wake wa kwanza unaingia lini, analala wapi, anafanya kazi na nani, na anaondoka kwa utaratibu gani, hayo yote yanaamuliwa wilayani na kijijini. Wengi wanaokimbia hukimbia kwa sababu ya hayo.

Jueni pengo lenu halisi

Kuomba watumishi kwa kusema "tuna upungufu wa asilimia kadhaa" hakumshawishi mtu, maana kila halmashauri inasema hivyo. Pelekeni hesabu ya kazi. Njia ya WISN ya Shirika la Afya Duniani, inayokadiria idadi ya watumishi kwa kupima wingi wa kazi, inafanyika hata kwa kalamu na karatasi.

Anzeni na muda wa mtumishi mmoja. Mwaka una wiki 52, yaani siku 260 za kazi. Toeni likizo ya siku 28, ambazo ni kama siku 20 za kazi, sikukuu kama 15, kisha siku 10 za mafunzo na ugonjwa. Zinabaki 215. Kwa saa 8 kwa siku ni saa 1,720. Toeni tena moja ya tano kwa ajili ya taarifa za MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), vikao na usafi wa vifaa. Zinabaki kama saa 1,376. Sasa chukueni rejesta ya wagonjwa wa nje. Zahanati inayoona wagonjwa 7,200 kwa mwaka, kila mmoja dakika 15, inahitaji saa 1,800 za tabibu. Gawanyeni kwa 1,376: ni mtu mmoja na theluthi. Kwa hiyo tabibu mmoja hatoshi, na mnaweza kuonyesha kwa nini. Fanyeni hivyo kwa kliniki ya wajawazito, chanjo na uzazi.

Hesabu hiyo ina upofu mmoja: haioni usiku. Zahanati yenye uzazi wachache inaweza kuonekana inahitaji mkunga nusu, lakini uchungu haungoji zamu. Wakiwa wawili, kila mmoja anaitwa usiku 15 kwa mwezi. Wakiwa watatu, usiku 10. Akiwa mmoja, hana usiku wake hata mmoja, na mtu huyo atakuwa amechoka kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana tunashauri watumishi watatu wenye taaluma wawe kiwango cha chini kabisa kwa zahanati inayozalisha saa 24. Kama diwani anataka zahanati mpya ifunguliwe haraka, mwambieni wazi kwamba watu wa kuifungua watatolewa zahanati ya jirani, na mtaje jina la zahanati hiyo.

Kagueni pia orodha ya mishahara. Mtumishi asiyeonekana kazini siku tano mfululizo bila ruhusa ana kosa la utoro kwa mujibu wa kanuni za utumishi wa umma. Halmashauri nyingi huona aibu au huruma kuanzisha mashauri, basi jina linabaki kwenye mfumo na nafasi inahesabika imejaa. Matokeo yake ni kwamba hamwezi kuomba ajira mbadala. Mganga mfawidhi atoe taarifa ya maandishi siku ya sita. Mtumishi aandikiwe barua kwa anwani aliyojaza, mshahara usimamishwe kwa utaratibu, na shauri lifike kwenye mamlaka ya nidhamu bila kulala kwenye faili.

Nani apelekwe wapi

Ajira nyingi za afya hutangazwa na kusimamiwa kitaifa, kwa hiyo halmashauri hupokea majina tu. Uhuru wenu uko kwenye kuwagawa, na hapo ndipo makosa makubwa hufanyika. Desturi iliyozoeleka ni kumpeleka kijana aliyemaliza chuo juzi kwenye zahanati ya mbali kuliko zote, kwa sababu hana wa kumtetea, huku wenye uzoefu wakibaki makao makuu ya wilaya. Kijana huyo hajawahi kushughulikia kondo la nyuma lililogoma kutoka, akiwa peke yake usiku. Akipoteza mama wiki ya pili, na kijiji kikamnyooshea kidole, hamtamwona tena.

Mpya apite kwanza kwenye kituo cha afya chenye kazi nyingi, angalau wiki sita hadi nane. Hapo ajifunze rufaa za wilaya hiyo, rejesta, uagizaji wa dawa, na majina ya watu wa kuwapigia simu. Kisha aende zahanati yenye mwenzake mkongwe.

Kabla ya kumpangia, mpeni fomu ya ukurasa mmoja. Mwulizeni alikozaliwa na kusoma, mwenza wake anafanya kazi gani na wapi, ana watoto wa umri gani, ana ugonjwa unaohitaji kliniki ya mara kwa mara, na anajua lugha gani za eneo lenu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 na 2021 inasisitiza kwamba aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukubali na kuendelea kufanya kazi kijijini. Huwezi kuchagua nani aajiriwe, lakini kati ya watu kumi waliokuja unaweza kumwona yule aliyekua akichota maji ya kisima na kuongea lugha ya wafugaji wa eneo hilo, ukampeleka huko badala ya kumweka mjini.

Suala la mwenza lina uzito kuliko posho yoyote. Muuguzi ambaye mume wake ni mwalimu wilaya nyingine ataanza kuomba uhamisho mwezi wa pili. Afisa Utumishi na Afisa Elimu wakae pamoja kabla ya kugawa watumishi wapya wa sekta zote mbili. Wenza wakiwekwa kata moja, mmoja shuleni na mwingine zahanati, mmeipa kata hiyo watumishi wawili wenye sababu ya kukaa.

Mpeni pia ukweli kuhusu anakokwenda, kwa maandishi: kilomita ngapi kutoka barabara kuu, usafiri upo siku zipi na nauli ni kiasi gani, masika barabara inafungwa wiki ngapi, mtandao gani wa simu unashika na ni wapi hasa, maji yanatoka wapi, nyumba ipo au hapana, shule ya karibu iko umbali gani, wakala wa fedha wa karibu yuko wapi. Kuna viongozi wanaoficha haya wakidhani watu watagoma kwenda. Aliyeambiwa ukweli hujiandaa. Aliyedanganywa huona kuanzia siku ya kwanza kwamba neno la mwajiri wake halina thamani, na hapo hata ahadi ya kweli ya baadaye haitaaminika.

Siku 90 za kwanza

Mkikosa nguvu ya kufanya kingine chochote katika mwongozo huu, fanyeni hiki. Mtumishi huamua moyoni mapema kama atakaa, hata kama ataondoka miaka miwili baadaye.

Kwa kawaida mwajiriwa mpya hupewa siku 14 za kuripoti. Tumieni siku hizo. Mara tu majina yanapotoka, Afisa Utumishi awapigie simu wote na kuomba picha za nyaraka kabla hawajasafiri: vyeti vya shule na chuo, leseni ya baraza la taaluma, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na namba ya akaunti ya benki. Tatizo linalokwamisha wengi ni majina kutolingana. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, NIDA ina matatu, au herufi moja imekosewa. Kasoro hiyo ikigunduliwa mtu akiwa bado kwao, kiapo na marekebisho hufanyika kwa urahisi. Ikigunduliwa ameshafika, atarudi alikotoka kwa nauli yake mwenyewe na atapoteza wiki tatu.

Halafu mshahara. Mfumo wa mishahara hufungwa kila mwezi siku kadhaa kabla ya fedha kutoka. Mtumishi aliyeripoti tarehe 3, taarifa zake zikakaa mezani hadi tarehe 20, amekosa mwezi mzima kwa uzembe wa ofisi. Jiwekeeni kanuni ya siku tatu za kazi tangu kuripoti hadi taarifa kuingizwa, na Mkurugenzi aletewe orodha ya walioingizwa kila Ijumaa. Posho ya kujikimu ilipwe wiki ileile. Mweka Hazina atasema hakuna fedha. Ndiyo maana kifungu hicho kinapaswa kuwemo kwenye bajeti inayoanza Julai 1, kwa idadi ya watumishi mnaotarajia.

Fikirini kinachotokea posho isipolipwa. Kijana ana miezi miwili hana mshahara, amekopa unga na mafuta duka la kijiji, na mwenye duka ni jamaa wa mjumbe wa kamati. Mama anakuja kujifungua, anaulizwa kama "amekuja na chochote". Tabia ya kutoza fedha zisizo halali huanzia hapo, na ikishaanza haikomi mshahara unapoingia. Hasira ya kijiji hufuata, kisha uhamisho.

Siku ya kwenda kituoni, asipande bodaboda na sanduku kichwani. Gari la usimamizi limpeleke, akiwa na mmoja wa timu ya afya ya halmashauri. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa wiki moja kabla. Wawepo mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa kamati ya zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Atambulishwe kwa jina na taaluma yake, na kijiji kielezwe anachoweza kufanya na asichoweza. Tabibu hafanyi upasuaji, muuguzi mmoja hawezi kuwepo saa 24 kila siku. Maneno hayo yasemwe na kiongozi siku ya kwanza, yasiachwe yaje kusemwa na mtumishi mwenyewe akijitetea mbele ya ndugu wa mgonjwa.

Nyumbani akute vitu vya kuanzia maisha, vilivyoandikwa kwenye daftari la mali za zahanati: kitanda cha futi 5 kwa 6 na godoro, chandarua chenye dawa, meza na viti viwili, jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, pipa la maji la lita 200, ndoo mbili, na taa ya sola. Vinabaki kwa atakayemfuata.

Baada ya hapo Katibu wa Afya au msaidizi wake ampigie simu siku ya 7, ya 30 na ya 90, na kuuliza maswali yaleyale. Mshahara umeingia? Unalala wapi na mlango unafungika? Maji unayapata wapi? Usiku unasaidiana na nani? Kitu gani kimekushinda wiki hii? Majibu yaandikwe, na kila tatizo lipewe mtu wa kulishughulikia na tarehe. Simu ambayo haifuatwi na kitendo ni afadhali isipigwe.

Nyumba

Nyumba bora kwa zahanati ni ya familia mbili zilizopakana, ndani ya mita 200 kutoka kituoni. Umbali huo unamwezesha mkunga kuitwa usiku bila kupita porini, na bado unampa faragha. Kila upande uwe na vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo ndani. Madirisha yawe na nondo na wavu wa mbu, mlango wa mbao ngumu wenye kitasa cha ndani na komeo.

Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi. Bati la nyumba ya mita za mraba 80, mahali penye mvua ya milimita 700 kwa mwaka, hukusanya kama lita 44,800 ukiondoa moja ya tano inayopotea. Ukiweka mifereji ya bati pande zote na tanki la lita 5,000, kaya mbili zinazotumia lita 60 kwa siku kila moja zina maji ya siku 41 tangu mvua ya mwisho. Kwa eneo lenye kiangazi kirefu wekeni matanki mawili. Maji ya kwanza ya msimu yamwagwe, kwa kuwa yameosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Umeme, pale ambapo gridi haijafika: paneli ya wati 200 hadi 300, betri na kidhibiti chaji vinatosha taa, simu, redio na televisheni ndogo. Mfumo wa nyumba utenganishwe kabisa na wa jokofu la chanjo. Mtumishi akikosa pa kuchaji simu atavuta waya kutoka kwenye jokofu, joto litapanda juu ya nyuzi 8 na chanjo zitaharibika. Kumkaripia hakutazuia jambo hilo, kumpa soketi yake kutalizuia.

Kama hakuna fedha za kujenga mwaka huu, kijiji kipangishe nyumba iliyo nzuri kuliko zote na kuikarabati. Kodi isilipwe na mtu binafsi, hasa mwanasiasa, maana hapo mtumishi anakuwa mgeni wake. Na nyumba ikikamilika, ikabidhiwe kwa maandishi kwamba ni ya watumishi wa zahanati. Kuna mahali nyumba ya mganga imegeuka ofisi ya mtendaji huku muuguzi akipanga chumba cha udongo.

Asiwe peke yake

Upweke wa kikazi unaumiza kuliko umbali. Mtumishi anayejua kwamba akipiga simu saa nane usiku atapata daktari wa kumsikiliza hufanya kazi kwa ujasiri. Hospitali ya wilaya iweke ratiba ya kila wiki yenye jina na namba ya daktari na mkunga wa zamu ya ushauri, na daktari huyo apewe vocha. Kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, kuna mfumo wa m-mama unaopigiwa simu bure kwa namba 115. Namba hiyo ibandikwe ukutani kwenye chumba cha uzazi, na madereva wa jamii wa eneo hilo wawe wameshasajiliwa kabla dharura haijatokea.

Ziara za usimamizi shirikishi zimekuwa, kwa bahati mbaya, msafara wa watu sita wenye fomu ndefu wanaokaa dakika 40 na kuacha orodha ya makosa. Badilisheni. Waende wawili, mmoja awe mtaalamu wa kada ileile, wakae tangu asubuhi hadi mchana wakifanya kazi pamoja na mwenyeji, wafanye zoezi moja la dharura, mfano kumhuisha mtoto mchanga kwa mfuko na barakoa, na wabebe kitu kilichoombwa ziara iliyopita. Mafunzo hayo yaandikwe vizuri ili yamsaidie kwenye kuhuisha leseni, kwa sababu aliye mbali hukosa semina zinazofanyika mjini.

Likizo inahitaji mpango wa namba. Tuseme halmashauri ina zahanati 20 zenye watumishi watatu kila moja, jumla 60. Kila mmoja ana wiki nne za likizo: ni wiki 240 kwa mwaka. Mtu mmoja wa kuziba mapengo anaweza kufanya wiki 48, kwa hiyo mnahitaji watu watano wanaozunguka mwaka mzima. Wachukueni hospitali ya wilaya kwa zamu ya miezi mitatu mitatu, wakiwa na posho na mahali pa kulala. Ongezeni likizo za uzazi za siku 84, ambazo hujulikana miezi kadhaa kabla na bado huwashangaza viongozi kila mara. Bila timu hii, likizo inabaki haki ya kwenye karatasi.

Kazi ya kijiji

Ugomvi mkubwa kati ya mtumishi na wananchi hutokana na dawa. Zikiisha, kijiji huamini zimeuzwa. Dawa ya ugomvi huo ni uwazi. Shehena ya Bohari ya Dawa ifunguliwe mbele ya wajumbe wasiopungua wawili wa kamati, wahesabu kila kopo dhidi ya hati ya mzigo, wasaini, na orodha ibandikwe ubaoni pamoja na dawa zilizoombwa zikakosekana. Zilizokosekana ziagizwe kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa, kwa fedha za kituo. Utaratibu wa mshitiri ulianza Dodoma mwaka 2014 na sasa uko nchi nzima, lakini kituo kisichoandika maombi mapema hakiwezi kufaidika nao.

Usalama usizungumzwe kwa minong'ono. Wauguzi wengi ni wasichana wanaokaa peke yao. Kamati iajiri mlinzi wa usiku, iweke taa nje ya zahanati na nyumba, na ikubaliane na wazee kwamba anayekuja kugonga usiku huja na mjumbe wa kitongoji au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejulikana. Mwanamume anayemsumbua muuguzi ashughulikiwe na serikali ya kijiji mara ya kwanza, bila kungoja ya tatu.

Na viongozi wasimkemee mtumishi hadharani. Malalamiko yaandikwe, yafike kwa kamati, mtumishi asikilizwe, kisha Mganga Mkuu ajulishwe. Mkutano mmoja wa hadhara ambapo muuguzi anadhalilishwa mbele ya wagonjwa wake unaweza kuiacha zahanati tupu, na habari husambaa kwenye makundi ya simu ya watumishi wa mkoa mzima. Kata yenye sifa hiyo haitapata mtu kwa hiari.

Fedha za mambo haya zipo kwa sehemu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati inapokaa kuandaa mpango wa mwaka, iandike wazi tanki, komeo, taa, mlinzi na ukarabati, pale miongozo inaporuhusu. Kisichoandikwa kwenye mpango hakilipiki, hata fedha ikiwepo.

Lipeni deni kabla ya kuahidi motisha

Malawi ilianza mwaka 2004 mpango wa dharura uliowapa watumishi wa afya nyongeza ya asilimia 52 ya mshahara, kwa msaada wa wafadhili. Zambia ilianza mwaka 2003 mpango wa kuwabakiza madaktari vijijini. Fedha husaidia, hakuna ubishi. Lakini halmashauri yenye mapato madogo inayoahidi posho ya pembezoni, ikalipa miezi minne kisha ikanyamaza, inawavunja watu moyo kuliko kama isingeahidi.

Anzeni na madeni: posho za uhamisho, nauli za likizo, posho za kuitwa kazini, malimbikizo ya mshahara baada ya kupanda daraja. Tengenezeni orodha moja yenye tarehe ya kila dai na ibandikwe. Walipwe kwa foleni, wa zahanati za mbali wakitangulizwa. Aliye makao makuu hufuatilia dai lake kila siku kwa miguu. Wa kijijini hutumia nauli na siku mbili za kazi kuulizia barua, na zahanati inafungwa. Afisa Utumishi atembelee kila kata mara mbili kwa mwaka akiwa na mafaili, ashughulikie kuthibitishwa kazini baada ya miezi 12 ya majaribio na kupanda daraja hapohapo. Hili halina gharama kubwa, na watumishi hulithamini sana.

Mpeni njia ya kutoka

Inaonekana kama kinyume, lakini mtumishi anayejua ataondoka lini na kwa utaratibu gani hukaa hadi siku hiyo. Asiyeona mwisho hutafuta ugonjwa, mjomba wizarani, au hutoroka. Wekeni utaratibu wa maandishi. Kwa mfano, aliyethibitishwa kazini na kutimiza miaka mitatu kwenye zahanati ya pembezoni aingie mbele ya foleni ya ruhusa ya masomo. Akitimiza minne apate kipaumbele cha kuhamia kituo cha karibu na mji. Mpango wa mafunzo wa halmashauri uonyeshe majina na mwaka wa kila mmoja, ili wasiondoke watatu kwa pamoja. Muuguzi wa cheti akitaka stashahada, tabibu akitaka shahada ya udaktari, kila mmoja aone jina lake limekaa wapi. Orodha hiyo isiguswe kwa simu ya mkubwa. Ikiguswa mara moja, thamani yake imekwisha.

Vijana wa kijiji wanaotaka kusomea afya wasaidiwe ada na michango, ila msiwaahidi ajira serikalini, kwa sababu si yenu kutoa. Hospitali za mashirika ya dini zinaweza kufunga nao mkataba wa kurudi; halmashauri inaweza kuwapa mikataba ya muda kwa mapato ya ndani. Wapokeeni pia wanafunzi wa vyuo kwa mazoezi ya vijijini, wapeni chumba safi na mkufunzi mvumilivu. Mwanafunzi aliyeona zahanati inayofanya kazi vizuri haogopi kupangiwa huko.

Mwisho, wekeni daftari lenye safu tano: jina, kituo, tarehe ya kuripoti, tarehe ya kuondoka, sababu. Kila Juni hesabuni, kati ya walioripoti mwaka uliotangulia, wangapi wapo baada ya miezi 12, na wa mwaka uliotangulia huo, wangapi wapo baada ya 24. Anayeondoka ahojiwe na mtu asiye bosi wake, ikiwezekana mjumbe wa Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri. Kituo kilichopoteza watatu ndani ya miaka miwili kitembelewe na Mganga Mkuu mwenyewe, alale huko, atumie choo kile na maji yale, kabla ya kumpeleka mtu wa nne.